Namna ya Kupata Watu Wako Nje ya Simu: Mwongozo Kamili

Kuna mtu ana majina mia tisa kwenye simu na makundi thelathini ya WhatsApp, lakini siku daktari akimwambia "kesho uje na mtu wa kukusindikiza", anabaki kupandisha na kushusha orodha yote asimwone wa kumpigia. Si kwamba watu hao hawampendi. Wanampenda, wanamtumia vikopa kila siku ya kuzaliwa. Ila hakuna anayejua anaishi nyumba ipi.

Hali hii imekuwa suala la serikali na la afya ya umma. Uingereza iliteua waziri wa kushughulikia upweke mwaka 2018, Japani ikafuata mwaka 2021. Juni 2025 Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti inayosema mtu mmoja kati ya sita duniani anasumbuliwa na upweke, na kwamba upweke unahusishwa na vifo takriban 871,000 kila mwaka. Wanaodhani ni shida ya wazee tu wanakosea, maana ripoti hiyohiyo inawataja vijana miongoni mwa walioathirika zaidi.

Mwongozo huu haukwambii utupe simu. Unaeleza namna ya kupata watu unaoonana nao ana kwa ana, mara kwa mara, mpaka mzoeane. Ukiufuata utahitaji miezi kadhaa, wala si wiki mbili.

Hatua ya 1: Jua unachopungukiwa

Mwaka 1973 mwanasosholojia Robert Weiss alitenganisha upweke wa aina mbili. Upo upweke wa kukosa mtu wa karibu, yule wa kumfungulia moyo. Na upo upweke wa kukosa kundi, watu wa kucheka nao, kufanya nao kazi, kuulizwa "mbona jana hukuja?" Mwenye ndoa yenye amani anaweza kuumwa na huu wa pili. Mtu anayesalimiwa na kila mpita njia anaweza kuumwa na ule wa kwanza. Ndiyo maana ushauri wa "toka, changamana na watu" huwasaidia wengine na kuwaacha wengine vilevile.

Chukua karatasi uchore safu tatu. Ya kwanza iwe ya watu unaoweza kuwapigia saa nane usiku bila kuanza na "samahani". Ya pili, watu ambao mkikaa pamoja saa mbili hamtazami saa. Ya tatu, watu mnaopishana nao wakakuita kwa jina. Andika majina halisi, wale mnaoonana kweli kwa macho.

Usishtuke safu ya kwanza ikiwa fupi. Mwanaanthropolojia Robin Dunbar anakadiria kwamba kwa kawaida mtu ana watu wapatao 5 wa karibu kabisa. Ukipanua duara unafika 15, kisha 50, kisha kama 150 anaofahamiana nao vizuri. Wapo watafiti wanaozibishia namba hizo, lakini umbo lake linakubalika: wa ndani ni wachache, wa nje ni wengi.

Safu ya tatu ndiyo watu huidharau, na mimi naona ndiyo ya kuanza nayo ukiwa umepungukiwa kote. Mwanasosholojia Mark Granovetter alionyesha mwaka 1973 kwamba wengi waliopata kazi kupitia mtu waliipata kupitia mtu wa kufahamiana tu, wala si rafiki wa damu, kwa sababu watu wa karibu hujua yaleyale unayoyajua wewe. Tena rafiki wa safu ya kwanza hutoka wapi, kama si kwenye hii ya tatu?

Jambo moja kabla ya kusonga. Ikiwa upweke wako umeandamana na kukosa usingizi kwa muda mrefu, kukata tamaa au mawazo ya kujidhuru, anza na daktari au mshauri. Vikundi vitakusubiri.

Hatua ya 2: Wafufue wa zamani

Kazi kubwa ya kujenga urafiki ni saa zile za mwanzo, na kwa rafiki wa zamani saa hizo mlishazimaliza. Mlisoma wote, mlifanya kazi ofisi moja, mlicheza timu moja, kisha maisha yakawatawanya. Kinachokuzuia kumtafuta ni aibu: "nimekaa kimya miaka minne, nitaanzaje?"

Utafiti ulioongozwa na Peggy Liu na kuchapishwa mwaka 2022 uligundua kwamba anayemtafuta mwenzake hukadiria chini furaha atakayoipata mwenzake huyo, na kwamba salamu isiyotarajiwa ndiyo hufurahiwa zaidi. Kwa hiyo usijieleze sana. Ujumbe mrefu wa kuomba radhi humlazimisha mwenzako akufariji. Andika mfupi, wenye kitu mnachokijua wawili, na wenye pendekezo: "Kaka, leo nimepita pale tulipokuwa tunafanyia mazoezi nikakukumbuka. Jumamosi nitakuwa upande wako, una nusu saa tuonane?"

Tuma tatu kwa watu watatu. Mmoja atajibu kwa shangwe, mmoja atasema "tutaonana tu", mmoja hatajibu. Huyo wa kwanza anatosha kwa mwezi huu.

Aliye mbali kiasi cha kutoonana, mpigie. Amit Kumar na Nicholas Epley walichapisha mwaka 2021 majaribio yaliyoonyesha kwamba watu hudhani simu ya sauti itakuwa na ukakasi kuliko ujumbe, lakini wakishaongea hujihisi wako karibu zaidi, na ule ukakasi hauonekani. Hata hivyo, fimbo ya mbali haiui nyoka. Rafiki aliye nchi nyingine atakusikiliza usiku kucha, ila hawezi kuja kukushikia mtoto uende kliniki.

Hatua ya 3: Chagua kitu kinachojirudia

Ukisoma hatua moja tu, soma hii.

Mwaka 2018 Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas alikadiria muda ambao watu hutumia pamoja kabla ya kuitana marafiki. Kutoka kufahamiana hadi urafiki wa kawaida ni saa kama 50. Kufika urafiki wenyewe, kama 90. Urafiki wa karibu ulihitaji zaidi ya saa 200. Sasa piga hesabu. Kikundi kinachokutana saa mbili kila wiki kinakupa saa 50 baada ya wiki 25, yaani karibu nusu mwaka. Kikundi hichohicho kikikutana mara moja kwa mwezi, saa hizo 50 utazipata baada ya miaka miwili na ushee. Ndiyo maana mtu anaweza kuhudhuria semina, matamasha na hafla mwaka mzima, akarudi nyumbani na kadi za biashara tu mfukoni. Alikutana na watu wengi, kila mmoja mara moja.

Na hata kabla hamjaongea, kuonekana kwenyewe kuna kazi. Mwaka 1992 Richard Moreland na Scott Beach waliwaweka wanawake wanne wahudhurie darasa la chuo kama wanafunzi wa kawaida: mmoja hakuja kabisa, mwingine alikuja mara 5, mwingine 10, mwingine 15. Hakuna aliyezungumza na mtu. Mwisho wa muhula wanafunzi walipoonyeshwa picha zao, walivutiwa zaidi na yule aliyekuja mara nyingi, ingawa wengi hata hawakukumbuka kumwona. Anayejiona hana maneno na aipime habari hii vizuri. Wiki tano za kwanza kazi yako ni kuonekana tu.

Umbali nao una sauti kubwa kuliko tunavyokiri. Utafiti mashuhuri wa mwaka 1950 katika nyumba za wanafunzi wa chuo cha MIT ulikuta kwamba asilimia 41 ya waliopakana mlango kwa mlango walikuwa marafiki wa karibu, lakini kwa waliokaa ncha mbili za ukumbi uleule ilikuwa asilimia 10. Jengo moja, ghorofa moja! Kwa hiyo kati ya kikundi kizuri sana kilicho mwendo wa saa moja na nusu, na cha kawaida kilicho dakika kumi na tano kwa miguu, chukua hicho cha kawaida. Cha mbali utakiacha mvua ya kwanza ikinyesha.

Unapochagua, pima hivi:

- Kinakutana kila wiki, siku na saa ileile?
- Wanaokuja ni walewale, au kila mara ni sura mpya?
- Kuna jambo la kufanya kwa mikono, miguu au sauti, na bado kuna mwanya wa kupiga soga?
- Unaweza kukimudu kwa mwaka mzima, kwa nauli na ada, bila kukopa?

Kwaya hupita mtihani huu. Vilevile timu za mpira au mbio, darasa la lugha, ufundi au ngoma, kikundi cha bustani, kikundi cha usomaji maktabani, ibada zenye vikundi vidogo, na kazi za kujitolea zenye zamu maalumu. Gym peke yake haipiti: watu wamevaa spika za masikioni, kila mmoja na mashine yake. Lakini darasa la mazoezi la saa kumi na mbili asubuhi ndani ya gym hiyohiyo linapita.

Nina mashaka kidogo na mikutano iliyoitishwa ili watu "wapate marafiki". Kila mtu amekuja kutazamwa na kutazama, hakuna pa kupumzishia macho. Watu huzoeana haraka wakiwa wote wanashughulikia kitu kingine: mpira, mshono, wimbo usiokaa sawa. Mfano mzuri ni parkrun, mbio za kilomita 5 zilizoanza Oktoba 2004 katika Bushy Park, London, zikiwa na wakimbiaji 13. Ni bure, ni kila wiki asubuhi, zinaendeshwa na watu wa kujitolea, na sasa ziko katika nchi zaidi ya 20. Hakuna anayeambiwa tafuta rafiki. Anaambiwa njoo ukimbie, au utembee, au ushike saa ya kupimia muda. Marafiki wanapatikana pembeni.

Chagua kimoja. Ukiandikisha vitano, utakuwa mgeni kwenye vyote vitano.

Hatua ya 4: Itumie simu kufungua mlango

Hapa ndipo simu inapostahili shukrani. Tafuta jina la eneo lako pamoja na jina la jambo unalolitaka kwenye Facebook, Meetup (tovuti ya kutafutia vikundi vinavyokutana) au ramani za Google, na uliza kwenye kundi la WhatsApp la mtaa au jengo. Usisahau mbao za matangazo za maktaba, kumbi za jamii na nyumba za ibada, maana vikundi vyenye wanachama wa umri mkubwa mara nyingi havijui kujitangaza mtandaoni.

Ukimpata mratibu, muulize maswali matatu: huja watu wangapi, wageni hupokelewaje, na lini mara ya mwisho mlikutana. Kurasa nyingi za vikundi bado ziko hewani ilhali kikundi kilikufa kitambo.

Kuhusu usalama, mkutano wa kwanza uwe mahali pa wazi penye watu, na mtu mmoja ajue umekwenda wapi. Kikundi kinachokudai fedha nyingi kabla hujaelewa kinafanya nini, kinachokutaka ulete wengine ili upate faida, au kinachokuambia uachane na ndugu zako, kiache hapohapo bila kujieleza.

Hatua ya 5: Siku ya kwanza, na zile nne zinazofuata

Fika dakika kumi mapema. Ukichelewa utakuta watu wameshakaa kwa makundi, nawe utasimama mlangoni ukitafuta pa kuingilia. Ukiwahi, utamkuta mratibu anapanga viti, na hapo una neno tayari: "Nikusaidie?" Mwenye kiti mkononi si mgeni tena. Wenye haya hasa naomba mwombe kazi: kugawa karatasi, kuandika mahudhurio, kukusanya mipira. Kazi inakupa sababu ya kuongea na kila mtu bila kubuni maneno.

Maswali ya kuanzia yahusu kinachofanyika pale: umeanza lini kuja, wimbo huu mliimba tena, kiatu hicho kinakufaa kwa umbali mrefu? Acha maswali ya ndoa, watoto na mshahara mpaka mwenyewe ayaguse. Ukitoka, kabla hujafika nyumbani, andika kwenye simu majina uliyoyasikia na jambo moja kwa kila jina. Wiki inayofuata ukisema "Mama Asha, yule mgonjwa wako anaendeleaje?" umeokoa mwezi mzima.

Usiku wake utalala ukirudia kila ulichosema na kujiona kituko. Zoea hilo. Erica Boothby na wenzake walichapisha mwaka 2018 majaribio yaliyoonyesha kwamba baada ya mazungumzo ya kwanza watu hudhani wamependwa kidogo kuliko walivyopendwa kweli. Mwenzako naye yuko kitandani kwake anajilaumu hivyohivyo.

Kwa hiyo usikihukumu kikundi siku ya kwanza. Nenda mara tano, isipokuwa umeona dharau au hatari. Ikiwa mara ya tano bado hakuna anayekumbuka jina lako, tatizo ni la kikundi. Rudi hatua ya tatu.

Hatua ya 6: Toka naye nje ya kikundi

Hapa ndipo wengi hukwama. Wanakwenda mwaka mzima, wanachekeana, kisha kikundi kinavunjika na wote wanapotea. Mtu mliyezoeana kwenye kwaya anabaki mtu wa kwaya mpaka siku mtakapofanya pamoja jambo lisilo kwaya. Jeffrey Hall, yule wa hesabu ya saa katika hatua ya tatu, pia aliona kwamba saa nyingi za kazini hazisogezi urafiki kama saa za mapumziko, mazungumzo na michezo.

Mwaliko mzuri una siku, mahali na mwisho. "Tutafutane siku moja" si mwaliko, ni namna ya kuagana. Sema badala yake: "Dada, tukitoka hapa nakwenda kutafuta viatu vya mazoezi, hayazidi masaa mawili. Twende wote?" Shughuli fupi, ambayo ungeifanya hata bila yeye, humwondolea mzigo wa kukataa. Akisema hawezi, mwalike tena baada ya wiki mbili tatu. Akikataa mara tatu bila kupendekeza siku nyingine, mwache kwa wema na umgeukie mwingine. Usimnunie, kwani bado ni mtu wa safu yako ya tatu.

Kisha ongezeni kina kidogokidogo. Mwanasaikolojia Arthur Aron na wenzake walionyesha mwaka 1997 kwamba watu wasiojuana wanaoulizana maswali yanayozidi kina hatua kwa hatua, kwa zamu, kwa dakika 45 hivi, hujihisi karibu kuliko wanaopiga soga za juujuu. Neno kubwa hapo ni zamu. Anayemwaga machungu yote siku ya pili humwelemea mwenzake, na anayesikiliza tu bila kutoa chake hubaki kama karani. Toa kidogo, ngoja arudishe.

Na umwombe msaada. Mdogo: kuazima ngazi, kukuchagulia rangi ya ukuta, kukusikiliza ukifanyia mazoezi usaili wa kazi. Wengi wanaogopa kusumbua, wanabaki watoaji siku zote, na mtoaji wa siku zote humnyima mwenzake nafasi ya kuwa na faida.

Hatua ya 7: Usikubali kundi la WhatsApp limeze mkutano

Kila kikundi huunda kundi la WhatsApp, na ni jambo jema mpaka hapo. Baada ya miezi mitatu watu wameshapeana habari zote humo, hakuna jipya la kuonana, mahudhurio yanashuka. Pendekezeni mapema kwamba kundi liwe la ratiba, mabadiliko na dharura. Vichekesho na video vikae kwingine. Picha za siku ya mkutano zina faida, kwani aliyekosa huziona akatamani kurudi.

Wewe mwenyewe, zima arifa ukiwa na watu. Saa za kukutana zitoke wapi? Fungua mipangilio ya simu usome muda wa skrini wa wiki iliyopita. Hapo ndipo penye akiba.

Kuna wasioweza kutoka: anayeuguza, mwenye ulemavu mahali pasipo njia, mfanyakazi wa zamu za usiku, mwenye ugonjwa nadra ambaye wenzake wako nchi nyingine. Kwao mkutano wa mtandaoni ni mkutano halali. Sharti ni lilelile: watu walewale wachache, saa ileile kila wiki, na sauti zisikike. Anayeuguza pia anaweza kugeuza mambo na kuwaita watu waje kwake, kila mmoja siku yake.

Hatua ya 8: Usipokipata, kianzishe

Unahitaji mtu mmoja zaidi yako. Kubalianeni jambo, mahali, siku na saa, kisha tangazeni. Msiitishe kura ya "tukutane lini?", maana kura hiyo huua vikundi vingi kabla ya kuzaliwa. Semeni: "Tunatembea kila Jumapili saa moja asubuhi, tunaanzia getini mwa bustani, dakika 60, anayetaka aje." Muda wa mwisho utajwe daima, watu wenye shughuli huja wakijua wataondoka lini.

Mgeni akija, mtu mmoja awe na kazi ya kumpokea, kumtambulisha kwa wawili na kumtumia ujumbe kesho yake. Ifikapo wiki ya sita, mpe mwingine ufunguo au orodha ya majina, hata kama wewe unaifanya kazi hiyo vizuri zaidi. Kikundi chenye mratibu mmoja kinakufa siku anapougua. Mkizidi kama kumi na wawili, watu wataanza kujificha nyuma ya wengine, basi gawanyikeni wakati wa kutembea au kufanya kazi, mkutane tena mwishoni.

Siku watakapokuja wawili tu, au usipokuja mtu kabisa, tembea njia yote kama mlivyotangaza, upige picha moja, uiweke kwenye kundi pamoja na saa ya Jumapili ijayo.